Kupeleka wageni Mnemba bila kuvunja matumbawe

Nahodha unayepeleka wageni Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kabla hujamlaumu mgeni kwa matumbawe yaliyovunjika, tazama nanga yako. Boya la kufungia boti likiwepo, lifuate: kabili mkondo, sogea polepole, pitisha kamba kwenye kitanzi chake, kisha rudisha ncha zote mbili omo, mbele ya boti. Iache ilegee. Kamba fupi hufanya kila wimbi livute boya na kulegeza uzito ulio chini. Na boya moja si la boti sita, hata kama manahodha wote ni ndugu.

Maboya yamejaa? Tafuta mchanga mtupu, na mtu azame ahakikishe kwanza. Amari, yaani kamba ya nanga, iwe mara 5 ya kina: maji ya mita 4, kamba mita 20. Ikipungua, nanga hukokota. Angalia pia upepo: boti likizunguka, mnyororo hufyeka kila kilichomo ndani ya duara lake. Matumbawe magumu ya mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Nanga hulipasua jabali la miaka 50 kwa dakika moja.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, maana akichoka atasimama juu ya tumbawe. Mapezi ya kuogelea, wageni wayajaribu kwenye mchanga. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, usiwashushe maji yakiwa yamekupwa. Fulana ya mikono mirefu yashinda losheni ya jua yenye oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe. Mkate wa kulishia samaki ubaki nyumbani.

Pomboo wakitokea, usiwakate njia; ukikuta boti zimeshawazunguka, pita.