Jinsi ya Kuonja na Kulinganisha Kahawa Maalumu Nyumbani: Mwongozo kutoka Moshi

Mkazi wa Moshi anaweza kutoka barazani asubuhi, akautazama Mlima Kilimanjaro ambao mibuni imeoteshwa juu yake tangu wamisionari wa Kikatoliki walipoipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na bado akawa hajawahi hata siku moja kuweka kikombe cha kahawa ya Kibosho kando ya kikombe cha kahawa ya Uru, maeneo mawili ya mteremko huo huo, ili aone vinatofautianaje. Kahawa yetu nzuri ilizoea kuteremshwa kutoka vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ikapita mnadani hapa mjini na kusafirishwa nje, huku sisi wenyewe tukibaki na chai. Siku hizi zipo kahawa za daraja la juu zinazokaangwa hapa hapa Moshi na Arusha, na anayetaka kuzijua hahitaji maabara. Anahitaji meza, maji mazuri, mizani na nidhamu ya jambo moja: tofauti yoyote atakayoionja iwe imetoka kwenye buni, isiwe imetoka mkononi mwake.

Kuchagua kahawa za kulinganisha

Kwa lugha ya wataalamu, kahawa maalumu ni ile ambayo waonjaji waliofunzwa wameipa alama 80 au zaidi kati ya 100, ikiwa safi na isiyo na kasoro kubwa kwenye punje wala kikombeni. Alama hizo zinafaa sana kwa mnunuzi wa magunia. Nyumbani, ninavyoamini mimi, zinapotosha, kwa sababu mtu hujikuta akibishana kama kahawa fulani ni 84 au 85 kabla hajaweza kueleza ladha yake. Ni afadhali uanze na swali dogo ambalo meza yako inaweza kulijibu.

Swali la kwanza liwe lenye jibu lililo wazi. Aina kuu za kahawa ni mbili, arabika na robusta: weka arabika iliyooshwa ya Kilimanjaro pamoja na robusta ya Kagera, nawe utatambua mara moja kwamba ya kwanza ina uchachu unaochangamsha pembeni mwa ulimi, na ya pili ni nzito na chungu zaidi, kwani robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika. Ukishazoea, sogea karibu: arabika ya Kilimanjaro na ya Mbinga au Mbozi za kusini mwa nchi, zote zikiwa zimeoshwa. Kisha chukua kahawa za eneo moja zilizoandaliwa kwa njia mbili, moja ikiwa imemenywa, ikachachushwa na kuoshwa, na nyingine ikiwa imeanikwa kwenye vichanja ikiwa tunda zima hadi ikakauka. Hapo ndipo wengi hushangaa, maana kahawa iliyokaushwa na tunda lake huja na harufu ya matunda yaliyoiva sana, ambayo kahawa iliyooshwa ya jirani yake haina kabisa. Vijiji viwili vya mteremko mmoja viwe swali la mwisho, kwa kuwa hilo ndilo gumu.

Usiyachukue maandishi yaliyo kwenye mfuko wa kahawa kuwa ni ladha. Herufi AA, A na B hueleza zaidi ukubwa wa punje, na PB ni punje ya duara inayopatikana pale ambapo tunda limebeba mbegu moja badala ya mbili. Nimeonja PB iliyoizidi AA ya shamba lile lile, na nimeonja kinyume chake. Hata jina la mlima si uthibitisho popote duniani, kwani huko Japani neno Kilimanjaro hutumika kuuzia arabika ya Tanzania hata kama imevunwa mbali na mlima wenyewe. Kilicho na thamani kwako ni jina la kijiji au shamba, namna ilivyoandaliwa, mwaka wa mavuno na, zaidi ya vyote, tarehe ya kukaangwa. Nunua gramu 100 hadi 250 za kila aina, zikiwa punje nzima, zilizokaangwa ndani ya wiki chache zilizopita na kwa kiwango kinachokaribiana. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi na kutoa mafuta haiwezi kulinganishwa na iliyokaangwa hadi rangi ya hudhurungi, kwa sababu hapo utakuwa unalinganisha moto na si shamba.

Meza na vyombo

Tafuta bilauri au bakuli ndogo zinazofanana kabisa kwa umbo na ujazo, mizani ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kinu cha kusagia cha mkono, vijiko vikubwa vya supu, bilauri ya maji ya moto ya kusuuzia vijiko, kopo la kutemea na daftari. Meza isiwe karibu na sufuria ya vitunguu wala jiko la mafuta ya taa, na waonjaji wasije wamejipaka manukato. Hilo la manukato wageni huliona kuwa ni ukali usio na maana, lakini nusu ya kazi hii hufanywa na pua.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu kila kilichomo kikombeni ni maji, na mikoa yetu miwili haifanani. Maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, jambo ambalo wakazi wa Arusha wanalifahamu kutokana na meno, na pia yana bikaboneti nyingi. Bikaboneti huua asidi. Kahawa yenye uchachu mzuri ikitengenezwa kwa maji hayo hufifia na kuwa dufu, na muonjaji huishutumu kahawa ilhali kosa ni la kisima. Anayeishi Arusha na atumie maji ya chupa yenye madini kidogo, na awe na chapa moja kwa meza nzima. Moshi, ambako sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka chemchemi za mlimani, hali ni nafuu zaidi, ila yachujwe na yasiwe na harufu ya klorini.

Jambo la pili ni joto. Maji yanayofaa kumiminwa yawe na nyuzi 93 hivi za Selsiasi. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, kwa kadirio la nyuzi moja kila mita 300. Mjini Moshi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo ukiitoa birika motoni isubiri kama dakika moja. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 95, na hakuna haja ya kusubiri zaidi ya muda wa kuibeba birika hadi mezani.

Kuandaa vikombe

Kipimo kinachotumiwa na waonjaji ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, na kwa bilauri ya mililita 200 hiyo ni gramu 11. Pima punje kabla ya kusaga, kisha saga kila kikombe peke yake. Wataalamu huweka vikombe vitano vya kila kahawa ili punje moja mbovu isihukumu mfuko mzima. Nyumbani viwili vinatosha, visipungue hapo. Kabla ya kusaga kahawa nyingine, pitisha kwanza punje chache za hiyo inayofuata kwenye kinu na uzimwage, ili mabaki ya ile ya awali yatoke. Unga uwe wa chembe nene kidogo, kama chumvi ya mawe iliyopondwa, na usikae zaidi ya dakika 15 kabla ya kumiminiwa maji. Wakati wa kupima, chambua punje zilizopauka ambazo hazikushika rangi ya wenzake, kwa kuwa hizo zilichumwa zikiwa mbichi na huleta ladha ya karanga kavu. Ziandike idadi yake, kwa maana nazo zinasimulia jinsi mavuno yalivyochaguliwa.

Nusa unga mkavu wa kila kikombe na uandike. Kisha mimina maji hadi ukingoni, kikombe baada ya kikombe, bila kukoroga, na uanze kuhesabu muda kuanzia kikombe cha kwanza. Utando mzito utapanda juu. Ukiona haukupanda wala kutoa mapovu, kahawa hiyo imekaa muda mrefu tangu ikaangwe. Dakika nne zikitimia, shusha pua karibu kabisa na kikombe na uvunje utando kwa mgongo wa kijiko, ukiusukuma mara tatu. Harufu inayotoka wakati huo haitarudi tena, kwa hiyo asiwepo anayezungumza. Suuza kijiko kila unapohama, halafu uondoe povu na vipande vinavyoelea kwa vijiko viwili.

Kuonja wakati kikombe kinapoa

Subiri hadi dakika ya 10 hivi tangu ulipomimina. Chota kijiko na uvute kahawa kwa nguvu na kwa sauti, kama mtu anayekunywa mtori wa moto, ili isambae ulimi mzima na mvuke wake upande hadi puani. Tuliolelewa kula kwa utulivu huona haya kufanya hivyo mbele za watu, lakini anayeonja kimya hupoteza harufu karibu yote. Tema kwenye kopo, hasa kama vikombe ni vingi, kwa sababu kafeini ikizidi mikono hutetemeka na hukumu huharibika.

Pitia meza nzima mara tatu: kahawa ikiwa ya moto, ikiwa vuguvugu, na ikishapoa. Mzunguko wa kwanza huonyesha harufu na uchungu, na mara nyingi kahawa zote huonekana nzuri. Mzunguko wa pili ndio wa uchachu na utamu. Wa tatu, ambao watu wengi huuruka kwa kudhani kahawa ya baridi haina la kusema, ndio ninaouamini kuliko yote. Kahawa safi ikipoa huwa tamu zaidi, na uchachu wake hujitenga hadi unaweza kuutaja kwa jina. Kahawa yenye kasoro ikipoa hujifichua: uvundo wa ukungu, uchachu wa kuoza uliotokana na kuchachuka kupita kiasi, ladha ya gunia kwa kahawa ya msimu uliopita. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyekulia kwenye kihamba cha Kibosho na ambaye hakuwa amewahi kuonja kwa namna hii, alitambua kikombe cha mwisho kwamba kahawa yake ilianikwa ikanyeshewa, jambo ambalo mimi niliyejiona mzoefu nilikuwa nimelipita mara mbili.

Wanaoanza huchanganya uchachu, uchungu na ukakasi. Tiba yake ni rahisi: weka bilauri mbili, moja ya maji yenye matone ya ndimu, moja ya chai ya rangi iliyochemshwa mno bila sukari, na kipande cha ndizi mbichi kando. Ndimu ni uchachu, chai hiyo ina uchungu, na ndizi mbichi inayokausha ulimi ni ukakasi. Baada ya hapo tafuta maneno kwenye soko lako. Zipo chati za ladha za kigeni zenye majina ya matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni, na kuyakariri ni kujidanganya. Ukwaju, pasheni, embe dodo, ndizi mbivu, sukari guru, karanga zilizokaangwa, asali: hayo ulimi wako unayajua, na ukiandika kwamba uchachu wa kahawa fulani ni wa chungwa na si wa ndimu, mwenzako atakuelewa.

Kuficha jina

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kahawa ya Uru ni tamu kuliko ya Kibosho, na niliwaambia watu hivyo. Siku moja rafiki alivipanga vikombe nikiwa nje, akaweka namba chini ya kila kimoja, nami nikaisifu Kibosho nikidhani ni Uru. Tangu siku hiyo sionji nikijua kilichomo. Mtu mmoja apange na asionje mzunguko huo, au kama uko peke yako, bandika namba chini ya vikombe na uvizungushe hadi upoteze kumbukumbu. Kila mmoja aandike kabla ya mtu yeyote kusema, kwani sauti ya mgeni mwenye heshima huweza kubadilisha ndimi zote mezani.

Ukitaka kujua kama kweli unaitambua tofauti, panga vikombe vitatu, viwili vikiwa vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, na ukitafute hicho kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu utapata mara moja kati ya tatu. Rudia mara sita, ukibadilisha nafasi kila mara. Ukipatia tano au zaidi, uwezekano kwamba ni bahati hauzidi mbili katika mia, na unaweza kusema kwa haki kwamba kahawa hizo mbili hazifanani. Ukipatia mbili, andika kwamba kwako zinafanana, hata kama bei zinatofautiana sana.

Badala ya alama, panga kahawa kwa utaratibu: ipi ungependa kuirudia, ipi inafuata, na kwa nini, kwa sentensi mbili zenye ladha ndani yake. Rudia meza ile ile siku nyingine na namba nyingine. Kahawa iliyoongoza mara tatu bila jina lake kujulikana, inunue kabla mavuno yake hayajaisha, itie kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, na uiweke kabatini mbali na viungo.