Soma Maumivu Yako Kabla ya Kupiga Picha

Wagonjwa wengi wa mgongo huingia kwangu na bahasha ya eksirei, na kabla hawajakaa wameshaitandaza mezani. Mimi huisogeza pembeni kwanza. Picha huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Hata kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, hukuta diski (mito laini kati ya pingili za mgongo) zimechomoza kwa watu wasioumwa popote. Tunaanza na saa na kidole.

Hatua ya 1: Pima asubuhi yako. Ukiamka, tazama saa. Kunja ngumi, simama, tembea hadi mlangoni. Viungo vimelegea baada ya muda gani? Vikilegea ndani ya nusu saa, kisha goti likauma tena jioni baada ya shughuli, hiyo ni tabia ya gegedu iliyolika (utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni), jambo la kawaida umri ukisogea. Vikikaza saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba pale vinapoungana na kiganja, shuku ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Hapo usingoje. Dawa zikianza mapema, viungo huokoka kabla havijapinda. (Jina lenyewe linapotosha: baridi huweza kuongeza uchungu, lakini si chanzo.)

Kijana ambaye mgongo humwamsha alfajiri, ukakaza, kisha ukapoa akitembea na kuzidi akipumzika, naye amwone daktari ikiwa hali imefika miezi 3. Mara nyingi huambiwa amelala vibaya.

Hatua ya 2: Fuata maumivu kwa kidole kimoja. Yakiishia kiunoni, mara nyingi ni misuli na kano, na hupungua ndani ya wiki 6. Yakianzia takoni, yakateremka nyuma ya paja na kupita goti hadi unyayoni, na ukikohoa yanapiga kama umeme, neva imebanwa. Mkosaji wa kawaida ni moja ya diski mbili za mwisho za kiuno. Jaribu kutembea kwa visigino: unyayo mmoja ukikataa kuinuka, huo ni udhaifu, si uchungu tu. Nenda kapimwe upesi.

Miguu ikiwa mizito ukitembea na ikapata nafuu ukiinama mbele, mfereji wa uti wa mgongo huenda umekuwa mwembamba. Na kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafla usiku hata shuka hulitaki, fikiria jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini.

Hatua ya 3: Tafuta dalili zisizosubiri. Sehemu za siri na katikati ya mapaja kufa ganzi, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu yote miwili kulegea: hospitali leo hii, hata kama ni usiku wa manane. Vilevile kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto pamoja na homa. Kupungua uzito bila sababu, au mgongo kuanza kuuma baada ya mtu mzee kuanguka, pia kunahitaji daktari.

Hatua ya 4: Usijilaze. Kama hatua ya 3 haikuhusu, kitanda hakitakuponya. Misuli hudhoofika na mgongo huzidi kukaza. Tembea dakika 10, mara kadhaa kwa siku, na kila asubuhi andika dakika za kukaza ulizohesabu katika hatua ya 1. Ukija na hesabu ya siku 7, nitaisoma kabla sijafungua bahasha.