Mtu akikwambia macho yanadanganya, mjibu hivi

Hapa Bagamoyo ukikaa baraza lolote hukosi mjuaji wa kukwambia hatuna uhakika na kitu, labda hata bahari ile tunaiota tu. Usibabaike. Muulize, umejuaje kama macho yanadanganya? Atakupa mfano wa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ukiuzamisha majini unaonekana umepinda, sawa, ila aliyetuambia haujapinda ni mkono ulioupapasa na jicho hilohilo ulipoutoa, yani hisi ndo zimesahihisha hisi, kilichopinda ni mwanga tu ukitoka majini kuja hewani.

Halafu mbane hapa, na hapa ndo penyewe: Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti (1710–1796), alisema akili ya kuhoji na macho ya kuona vimetoka karakana moja, sasa kwa nini uiamini akili peke yake? Mimi sijasikia jibu la kueleweka.

Ila usiamini macho kibubusa pia, ukienda kununua samaki mwangalie jicho, funua mashavu uone matamvua kama mekundu, nusa, bonyeza nyama, na kama ni usiku chini ya taa za rangi msogeze kwenye mwanga mzuri kwanza ndo utoe hela.