Namna ya Kuandaa Igizo Shirikishi Kuhusu Ukatili wa Kingono
Kabla ya mazoezi, kikundi kikubaliane kwamba hakuna manusura atakayeombwa kuigiza yaliyompata. Kisa kitungwe upya, kwa majina na mahali pa kubuni, ili aliyeumia awe mtunzi wa hadithi badala ya kitu cha kutazamwa. Tendo lenyewe lisioneshwe jukwaani kamwe. Onesheni yanayolifuata: jirani anayeuliza binti alivaa nini, wazee wanaotaka kuyamaliza nyumbani.

Hapo ndipo inapofaa mbinu ya mwongozaji wa maigizo Mbrazili Augusto Boal, iliyokua katika miaka ya 1970, ambapo igizo husimamishwa na mtazamaji akapanda jukwaani kujaribu njia nyingine. Kwa kawaida huchukua nafasi ya anayeonewa, lakini kwa kisa cha namna hii nashauri achukue nafasi ya jirani au mzee, kwa sababu kumfundisha manusura jinsi ambavyo angejikinga ni kumrudishia lawama isiyo yake.

Mshauri nasaha awepo tangu mwanzo, na chumba cha faragha kiwe karibu. Mwongozaji aeleze wazi kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio, na kwamba nchini Kenya namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.