Pima unachokitarajia kwa wasichana na wavulana wako darasani

Nafundisha fizikia kidato cha pili, na haya nawaandikia walimu wenzangu. Usianze kwa kujiuliza kama unabagua, maana sote tutajijibu hapana. Anza kwa kuhesabu.

Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Achore madawati yalivyopangwa, apige kistari kila unapomwita mwanafunzi, tena aandike umemsubiri sekunde ngapi. Hizo sekunde ndizo zenye uzito. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na huwasubiri zaidi wale wanaowadhania kuwa na uwezo. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na hata wanafunzi wakimya walianza kuchangia. Kwa hiyo andika majina yote kwenye vikaratasi, uvitie ndani ya boksi la chaki. Uliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo uchomoe jina. Mwalimu yule arudi baada ya mwezi, ahesabu tena.

Maabara inahitaji jicho kali zaidi. Kwenye jaribio la sheria ya Ohm, mara nyingi mvulana huunganisha nyaya na kusoma ammita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Msichana, eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri, hujaza jedwali. Atafika kwenye mtihani wa vitendo hajawahi kugusa reostati, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza mkondo! Wabadilishane kila baada ya usomaji mmoja, jaribio likiwa linaendelea. Ukisema wiki ijayo, itasahaulika.

Zamu za kufagia na za kubeba madawati zifuate namba za rejista, basi.

Kisha fungua madaftari, usome ulichoandika kwa kalamu nyekundu. Msichana aliyepata 30 huandikiwa "Usijali, umejitahidi." Mvulana mwenye 30 hiyohiyo huandikiwa "Acha uvivu, unaweza." Neno la kwanza lina huruma, lakini msichana anaelewa kuwa hungoji zaidi ya hapo kutoka kwake. La pili ni kali, ila limebeba imani, na imani hiyo ni haki ya wote wawili. Onyesha kosa lilipo, utoe kazi: "Hukubadili sentimita kuwa mita. Rudia swali la 4, uniletee kesho." Akilileta, lisahihishe yeye akiwepo.