Ndugu katekwa, sasa yuko mahakamani ng'ambo: namna ya kuomba serikali imfuatilie

Usianze na barua kwa waziri, anza na ubalozi wetu wa Kongo kwenye nchi wanakomzuilia. Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36, unaruhusu konsuli (mtu wa ubalozi anayeshughulikia raia) amtembelee na amtafutie avoka (wakili), ila mfungwa mwenyewe ndiye anaomba konsuli aarifiwe, kwa hiyo avoka amwambie aseme hivyo mbele ya jaji na iandikwe.

Makaratasi unayajua: karte ya kura, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na kitu cha kuonyesha undugu wenu. Kama alishachukua uraia mwingine semeni mapema, sheria yetu ya 2004 haikubali uraia wa nchi mbili na walio kule watalishikilia hilo.

Sasa penye shida. Nenda ku parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ufungue malalamiko, na PV (karatasi wanayoandika maelezo yako) iseme wazi alichukuliwa wapi: mtaa, saa, rangi ya gari, nani aliona. Sisi biro moja hapa Lubumbashi walituandikia "Lubumbashi ao kandokando", basi dosie ikalala. Maana kama walimtoa nyumbani kwake Katuba hapa Lubumbashi, ni ardhi ya Kongo imeingiliwa, serikali imekosewa yenyewe na inaweza kudai moja kwa moja. Kama alikamatwa akiwa kulekule, kwa kawaida watakwambia amalize kwanza mahakama za kule mpaka rufaa ya mwisho. Soma PV yote kabla ya kutia sinyatire hata kama karani anasema kuranti inaenda kukatika. Akiomba matabishi (kitu kidogo), we omba risiti uone atakavyocheka.

Barua kwa waziri wa Mambo ya Nje peleka kopi mbili, moja wakupigie kashe (muhuri) na tarehe urudi nayo. Bila kashe haijafika, hata kama wa mapokezi mnasali kanisa moja.

Halafu jueni serikali hailazimishwi na mtu, na ikikubali ni safari ndefu. Guinea iliishitaki nchi yetu wenyewe kwenye Mahakama ya Kimataifa ya The Hague mwaka 1998 kwa ajili ya Diallo, raia wake aliyefungwa na kufukuzwa hapa kwetu, ikashinda 2010, fidia ya dola 95.000 ikapangwa 2012. Na kulalamika hakusimamishi kesi: daktari Álvarez Machaín alitekwa Mexico 1990 akapelekwa kushitakiwa Marekani, Mexico ikapiga kelele, Korti Kuu ya Marekani ikasema 1992 ahukumiwe tu, kilichomtoa mwaka uleule ni ushahidi kukosekana. Kwa hiyo avoka wa kule muendelee kumlipa.