Somo: Kuwatambua krasteshia wa maji ya chini ya ardhi

Kwetu Ismani, Iringa, mto ukikauka kina mama hufukua mchanga hadi maji yachimbuke. Shimo kama hilo ndilo wanabiolojia hulitumia, nao huiita njia ya Karaman na Chappuis, kwa majina ya wanabiolojia wawili. Ndani ya maji yale huishi krasteshia, yaani jamaa wa kaa na kamba, wengi hawazidi milimita moja.

Hatua ya 1: Chimba kando ya mto penye changarawe. Teka maji, yamimine kwenye chujio lenye matundu yasiyofika moja ya kumi ya milimita. Teka ndoo nyingi, maana wanyama hawa ni wachache.

Hatua ya 2: Suuza mabaki kwenye kisahani cheusi. Wengi hawana rangi, kwenye cheupe watakupotea.

Hatua ya 3: Tazama umbo. Mwenye magamba mawili kama kombe ni ostrakoda. Aliyebanwa ubavuni ni amfipoda, aliyebapa mgongoni ni isopoda. Kwa kopepodi, krasteshia wadogo sana wa majini, angalia vipapasio vya kwanza ili kutofautisha makundi yao mawili: hapaktikoida wana vifupi, siklopoida virefu kidogo, na jike wa siklopoida hubeba vifuko viwili vya mayai.

Kwa bathinela, krasteshia mwembamba wa chini ya ardhi, naomba mtulie, maana wengi humtupa wakidhani ni kijinyoo. Hesabu miguu kwanza! Hana macho, wala gamba la kufunika kifua kama kamba. Pingili zote 8 za kifua ziko huru. Jozi ya nane ya miguu ya dume imebadilika umbo, na hapo ndipo spishi nyingi hutofautishwa kwa hadubini. Mwanazoolojia Vejdovský alimweleza bathinela wa kwanza mwaka 1882, kutoka kisima cha Prague.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Tukiwanywa wanadhuru?
Marahaba. Wenyewe hawana sumu. Ila siklopoida wa visima vya wazi na madimbwi wanaweza kubeba mabuu ya mnyoo wa Guinea, kwa hiyo chuja maji kwa kitambaa, kisha uchemshe.

Bila macho wanapataje chakula?
Kwa vinywele vya vipapasio, vinavyohisi mguso na harufu. Hula bakteria na masalia yanayoshuka na maji.

Niko Mbeya, kisima chetu ni kirefu, hakuna mchanga wa mto. Nifanyeje?
Omba ruhusa ya mwenye kisima, ndugu yangu. Teremsha chujio lenye uzito hadi chini, lipandishe na kulishusha mara kadhaa mashapo yatibuke, kisha livute polepole. Lioshe kwa maji ya moto kabla hujaenda kisima kingine.